LRDG Libya 1942: walihesabuje magari ya adui bila kuonekana?

Msomaji_Vita: Wakuu, hawa askari wa Long Range Desert Group (LRDG), kikosi cha doria cha jangwani cha jeshi la Uingereza, walikuwa wakilala kando ya barabara ya Tripoli–Benghazi kuhesabu magari ya Wajerumani na Waitalia. Kule hakuna hata kichaka cha maana. Walijifichaje? Na walifikaje bila kupotea?

Korongo: Mkuu, hiyo ni karibu na Marble Arch, tao la Waitalia kwenye barabara hiyo, Machi hadi Julai 1942. Malori yalifichwa kilomita kama 3 kutoka barabarani, yamefunikwa nyavu, alama za matairi zimefagiliwa. Watu wawili walishuka kabla ya alfajiri, wakalala kifudifudi mita 300 hivi kutoka lami na darubini na daftari. Mchana kutwa hakuna kusimama, jua liwake lisiwake. Giza likiingia walisogea karibu zaidi, wakitambua aina ya gari kwa mlio na umbo. Balaa lilikuwa msafara wa adui ukiamua kuegesha hapo hapo ulale. Zamu ilibadilishwa kila siku, na kilichoonekana kilipelekwa Cairo kwa redio, kwa maandishi ya siri.

Nyuzi360: Kuhusu njia: dira ya sumaku ndani ya lori inadanganywa na chuma, ukiitaka ushuke uende mbali na gari. Bagnold, mwanzilishi wao, alitumia dira ya jua: bamba la duara lenye nyuzi 360, sindano imesimama katikati, dereva anahakikisha kivuli hakitoki kwenye mstari. Jua linasogea, kwa hiyo bamba linazungushwa kila baada ya muda kwa kufuata jedwali. Saa sita mchana wakati wa kiangazi kivuli kinakuwa kifupi mno, hakisomeki. Usiku walipima nyota kwa theodolaiti (chombo cha kupimia pembe) ili kujua walipo, na saa ilirekebishwa kwa ishara ya redio. Saa ikikosea sekunde 4 tu, kwa latitudo ile umejiweka kilomita 1.6 mashariki au magharibi ya ulipo.

Debe_la_Maji: Msisahau rejeta. Ili maji yasipotee, bomba la mvuke kutoka kwenye rejeta liliingizwa kwenye debe la maji lililofungwa kwenye lori. Debe likianza kuchemka unasimama, unaelekeza pua kwenye upepo, unasubiri kidogo. Rejeta ikipoa inayanyonya maji yote kurudi. Ila mfuniko ukivuja hewa, hainyonyi kitu.

Korongo: Na hao SAS, makomando wa Uingereza wanaosifiwa kwenye filamu, mwishoni mwa 1941 walikuwa abiria wa malori haya haya.