Franklin alikataa hataza ya jiko lake. Je, hiyo ni hoja ya kuwabana mafundi wetu?

Wakuu, salaam.

Kila tukianza kubishana kuhusu hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza alichobuni), lazima atokee mtu wa kumleta Benjamin Franklin, yule mchapaji na mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18. Hoja yenyewe huwa hivi: mzee yule alivumbua jiko, kinga ya radi na miwani ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja, na hakuchukua hataza hata moja. Sasa nyie mafundi mnaolilia ulinzi wa sheria kwa mashine ya kupukuchua mahindi, mna nini kama si uchoyo?

Napinga, na nitaanzia kwa huyohuyo Franklin, maana wengi wanaomtaja huishia nusu ya habari.

Nusu hiyo ni ya kweli. Philadelphia ya miaka ya 1740 kuni zilikuwa zimeanza kuwa ghali, na meko ya wakati ule, ya wazi, yaliyojengwa ukutani, yalipeleka sehemu kubwa ya joto juu kwenye dohani. Ukikaa mbele yake magoti yanaungua huku mgongo unaganda. Franklin akabuni sanduku la chuma la kupachika ndani ya meko hayo. Moto unawaka mbele. Moshi unapanda, unavuka juu ya kijichumba cha hewa kilichozibwa, unashuka nyuma yake na kupita chini ya sakafu ndipo uifikie dohani. Hewa safi kutoka nje inazungushwa ndani ya kile kijichumba, inapata moto, kisha inatokea ubavuni na kuingia sebuleni. (Kusema kweli lilikuwa na kasoro. Moshi haushuki kirahisi, na moto ukififia unarudi ndani ya nyumba. Waliolirekebisha baadaye ni wengine, akiwemo David Rittenhouse.)

Gavana wa Pennsylvania, George Thomas, alilipenda kiasi cha kutaka kumpa Franklin haki ya kuliuza peke yake kwa miaka kadhaa. Akakataa. Sababu aliiandika mwenyewe katika tawasifu yake: tunanufaika sana na uvumbuzi wa wengine, basi na sisi tufurahi kupata nafasi ya kuwafaa wengine kwa uvumbuzi wetu, tena bure. Siamini kwamba alikuwa anaigiza.

Lakini angalieni alikuwa amekaa wapi alipoyasema. Gazeti la Pennsylvania Gazette lilikuwa mkononi mwake tangu 1729. Alikuwa na kazi ya kuchapa noti za serikali ya jimbo, kazi ambayo mwenyewe alikiri ilimlipa vizuri. Mwaka 1736 akawa karani wa Bunge la Pennsylvania, mwaka uliofuata akawa mkuu wa posta wa Philadelphia. Kufikia 1748, akiwa na miaka 42, alimwachia mshirika wake David Hall kiwanda cha uchapaji na kuendelea kupokea gawio lake kwa miaka 18. Na tusisahau kwamba gazeti hilo lilipokea pesa za matangazo ya kuuza watumwa na ya kuwasaka waliotoroka, na nyumbani kwake walikuwepo watumwa. Ukarimu wake ulikuwa na mlipaji, na si wote waliolipa kwa hiari.

Hata jiko lenyewe halikutoka mikononi mwa marafiki. Mfano wake alimpa rafiki yake Robert Grace, mwenye tanuru la chuma, ambaye akawa anasubu vibao vya chuma vya jiko hilo na kupata faida. Mwaka 1744 Franklin akachapa kijitabu cha kulieleza na kulisifu. Leo tungekiita tangazo la biashara.

Kisha ikaja habari ya London, ambayo ndiyo kiini cha hoja yangu. Mwenye duka la vyuma kule alichota sehemu kubwa ya kijitabu, akabadilisha vitu vidogo ambavyo, kwa maelezo ya Franklin, viliharibu utendaji wa jiko, akachukua hataza na kujipatia kijiutajiri. Kwa hiyo jiko lililoachwa bila mwenyewe lilipata mwenyewe: aliyewahi ofisini. Franklin hakushtaki. Alisema hana haja ya faida ya hataza, na anachukia magomvi. Sawa, ugali wake haukutoka kwenye jiko.

Tena mwaka 1787, akiwa na miaka 81, alitia saini Katiba ya Marekani inayolipatia Bunge mamlaka ya kuwapa wavumbuzi haki ya pekee kwa muda maalumu. Sheria ya kwanza ya hataza ilipita tarehe 10 Aprili 1790, wiki moja kabla hajafa.

Kwenye kinga ya radi nakubaliana naye moja kwa moja. Maelekezo ya kuifunga aliyatoa kwenye almanaki yake (kitabu cha kalenda cha kila mwaka) ya 1753, kila mtu asome. Kitu cha kuzuia mji usiteketee hakifai kufungiwa.

Wapinzani wangu watanitajia jiko la kauri la Kenya la miaka ya 1980, lililotokana na jiko la Thailand. Mafundi wa jua kali waliigana, bei ikashuka, likaenea. Ni kweli, ingawa yalienea pia yale ya ovyo ambayo kauri yake inapasuka mapema. Ila mradi ule ulibebwa na fedha za wafadhili. Hapo tena aliyetoa bure alikuwa amelipwa kwingine.

Swali langu basi: fundi asiye na gazeti, cheo wala mfadhili, aliyeuza mbuzi ili anunue vyuma vya kujaribia, tumdai nini? Wenye uzoefu wa kwenda kusajili hataza BRELA (Tanzania) au KIPI (Kenya) mseme mlitumia muda na pesa kiasi gani, na kama mlikwishaigwa kabla karatasi hazijatoka. Na wale wa upande wa "iachwe bure", semeni nani amlipe.