Viwanja viwili vya kubana au kimoja kilichokamilika? Naomba ushauri wa eneo na gharama za pikoboli, Mtwara

Mshangani (Mtwara):
Wanajukwaa, habari za wakati huu. Nina eneo wazi nyuma ya nyumba hapa Shangani, lenye mita 21 kutoka kaskazini hadi kusini na mita 19 kutoka mashariki hadi magharibi. Nakusudia kulijengea uwanja wa pikoboli, mchezo ule wa raketi ngumu zisizo na nyuzi na mpira wa plastiki wenye matundu, ili vijana wa mtaa na sisi watu wazima tupate pa kuchezea jioni. Mistari ya uwanja ni mita 13.41 kwa 6.10, kipimo kilekile cha badmintoni ya wachezaji wawili kila upande, kwa kuwa mchezo huu ulianzia mwaka 1965 kisiwani Bainbridge, Marekani, juu ya uwanja wa badmintoni. Kwa vipimo hivyo naona viwanja viwili vinaenea. Fundi niliyemwita ameniunga mkono, ila anashauri zege liwe la inchi 3, kwa sababu akiba yangu inatosha kiwanja kimoja cha zege nene au viwili vya zege jembamba. Upande wa mashariki, nje kidogo ya eneo hilo, kuna mkorosho mkubwa ambao mama hataki uguswe. Je, nijenge viwili au kimoja, na fedha nianze kuielekeza wapi?

ZegeNaNondo (Mtwara):
Kaka Mshangani, usianze na mistari, anza na nafasi iliyo nje ya mistari, kwa sababu mchezaji anayerudi nyuma kufuata mpira haangalii ukuta uko wapi. Eneo la chini kabisa linalokubalika kwa kiwanja kimoja ni mita 18.29 kwa 9.14, na linalopendekezwa ni mita 19.51 kwa 10.36. Viwanja viwili vya kipimo cha chini, vikiwekwa ubavu kwa ubavu, vinakula mita 18.28 za upana wako wa mita 19, maana yake zinabaki sentimita 72 tu kwa uzio, mfereji wa maji na kukaa mbali na huo mkorosho. Kimoja cha kipimo kinachopendekezwa kinakuachia zaidi ya mita 8 upande mmoja.

Sasa tupige hesabu ya zege. Kiwanja kimoja kizuri ni karibu mita za mraba 202, ambazo kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 20 na ushei. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) utahitaji takriban mifuko 130 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 9 na kokoto mita za ujazo 18, kabla ya kuongeza kidogo kwa ajili ya upotevu. Viwanja viwili vya kubana kwa unene huohuo vinataka mifuko 210 hivi. Kwa inchi 3 inashuka hadi 160, na hapo ndipo fundi wako anapopata nafuu anayokuahidi. Nafuu hiyo siiamini hata kidogo. Ardhi yetu ya pwani ni ya kichanga, na isiposhindiliwa kwa tabaka huku ikimwagiwa maji, bamba la inchi 3 litapasuka, na ufa katika uwanja wa mchezo huu haufichiki kwa rangi, kwa sababu mpira ukidunda juu yake unakwenda usikotarajiwa.

Chukua hesabu hiyo ya vifaa kwa wauzaji, upate bei ya siku pamoja na usafiri, kisha fedha ya kwanza ielekee kwenye kushindilia ardhi, karatasi ya nailoni chini ya zege, wavu wa chuma ndani yake, na mteremko. Mteremko uwe wa asilimia 1 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, yaani kama sentimita 10 kwa upana wako, ukiwa bapa moja lisilo na kilele katikati. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata ukipewa bure, kwa kuwa chumvi yake itakula chuma kilichomo ndani. Na mwambie fundi mapema kwamba hutaki apige niru: uso laini namna hiyo ukipata unyevu wa asubuhi unaangusha watu, hivyo apitishe ufagio zege likiwa bado bichi.

MwalimuMichezo (Lindi):
Naunga mkono kiwanja kimoja, nami nina njia ya kukuwezesha kulihakiki jambo hili kwa miguu yako mwenyewe kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji. Uwanja wa mpira wa wavu una mita 18 kwa 9, kwa hiyo mistari yake ya nje inakaribia sana lile eneo la chini alilolitaja ndugu hapo juu. Tafuta uwanja wa wavu wenye sakafu ngumu, chora ndani yake kwa chaki mistari ya pikoboli, funga kamba badala ya wavu, iwe juu ya sakafu kwa sentimita 91 pembeni na 86 katikati, kisha mcheze wanne huku mkichukulia kwamba mistari ya nje ni kuta. Baada ya jioni moja utajua kama unataka kuwajengea watu wazima wenzako mahali palipobana kiasi hicho.

Jingine ni jua. Urefu wa uwanja uelekee kaskazini na kusini, ili wachezaji wa jioni wasitazame magharibi, na kwa bahati njema mita zako 21 zimekaa hivyohivyo.

MamaChikongola (Mtwara):
Kaka, kuhusu mkorosho mama ana haki yake, lakini matawi yaliyoinama upande wa uwanja yapunguzwe, kwa sababu msimu ukifika mabibo yataanguka, yatapondwa na viatu, na utelezi wake pamoja na madoa ni kazi ya kila siku. Kiwanja kisukumwe magharibi, ile nafasi inayobaki iwe upande wa mti. Pia wasemeshe majirani mapema, kwa maana raketi ngumu ikigonga plastiki inatoa mlio mkali unaofika mbali, na ni vyema mkubaliane kusimama nyakati za adhana.

Mshangani (Mtwara):
Nawashukuru sana. Nimeshawishika kujenga kimoja cha mita 19.51 kwa 10.36. Linalobaki ni hili: taa na uzio siwezi kuvilipia mwaka huu. Je, nisubiri hadi fedha yote itimie?

ZegeNaNondo (Mtwara):
Usisubiri. Uzio, taa na rangi vinaweza kufuata baadaye, ila njia zake ziandaliwe kabla ya kumwaga zege. Laza mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya za umeme chini ya bamba, na uache mashimo yenye vipande vya bomba vya kusimikia nguzo mbili za wavu, zitakazoachana mita 6.7, ili usije ukachimbua uwanja uliokwisha kuugharamia. Chuma chochote kitakachosimama nje kiwe kimepakwa zinki, maana upepo wa bahari ya Shangani hauachi kitu bila kutu.

Mwaga zege kati ya Juni na Septemba, ulimwagilie maji kwa siku 7 zisizopungua, na rangi ya akriliki isiguse uso kabla ya siku 28. Rangi ikikosekana msimu huu, chora mistari ya sentimita 5 kwa rangi ya kawaida ya barabarani na mwanze kucheza, kwa kuwa zege lililopigwa ufagio linachezeka vizuri kabisa.