Video ina watazamaji milioni 80, tunaambiwa wimbo ni "dhahabu" ya Marekani. Msanii anapata nini?

kinanda_tz
Wakuu, habari za jioni. Msanii wa Bongo kashirikishwa kwenye wimbo wa msanii aliye chini ya lebo Marekani. YouTube imefika milioni 80. Kuna mtu anasema wimbo umevuka kiwango cha dhahabu cha RIAA, zitumwe dola 1,200 cheti kitoke na "pesa za dhahabu zifunguliwe". Hesabu yake iko sawa? Na hizo pesa zipo?

MzeeWaMixer
Mkuu, usitume hata senti.

RIAA ni chama cha makampuni ya kurekodi Marekani, kinatoa tuzo hizi tangu 1958. Dhahabu ni yuniti 500,000, platinamu milioni 1, almasi milioni 10. Kwa wimbo mmoja mmoja, upakuaji wa kulipia mmoja ni yuniti 1, na strimu 150 ni yuniti 1. Kwa strimu tupu, dhahabu inataka milioni 75. Hapo ndipo jamaa kawakamata, maana 80 inaonekana imezidi.

Tatizo ni kwamba zinahesabiwa za ndani ya Marekani tu. Anayetazama akiwa Mbagala, Nairobi au Muscat hayumo. Ombeni lebo itoe mchanganuo wa nchi. Tuseme Marekani ni asilimia 20: hizo ni milioni 16, gawa kwa 150 unapata kama yuniti 106,600. Strimu za Spotify, Apple Music na kwingineko zinaongezwa juu, lakini nazo za Marekani, na ziwe za msikilizaji kuchagua wimbo mwenyewe. Redio ya mtandaoni inayojipangia nyimbo haiingii.

Pia haiji yenyewe. Lebo ndiyo inayoomba na kugharamia, kisha wakaguzi wa Gelfand, Rennert & Feldman wanapitia hesabu. Wimbo unaweza kuvuka kiwango ukakaa miaka bila tuzo kwa sababu hakuna aliyeomba. Uingereza ni tofauti: tangu 2013 BPI, chama cha makampuni ya kurekodi cha huko, inatoa yenyewe kiwango kikifikiwa, na kwa wimbo fedha ni 200,000, dhahabu 400,000, platinamu 600,000.

Kuhakiki ni bure: tovuti ya RIAA ina sehemu ya kutafuta kwa jina la msanii. Kama wimbo haumo, haujathibitishwa, hata akuletee cheti chenye mihuri saba.

bint_kisutu
Simba (Diamond Platnumz) yeye alijiwekea almasi na platinamu kwenye jina kabisa, hakusubiri mkaguzi 😂

Ila jamani, tusichanganye na zile ngao za YouTube. Za fedha (100,000), dhahabu (milioni 1) na almasi (milioni 10) ni za wafuasi wa chaneli, hazihusiani na mauzo ya wimbo.

Wakili_wa_Studio
Nijibu la pesa. RIAA haimlipi mtu. Tuzo inasema yuniti zimefika, basi. Mfano wa kubuni: strimu milioni 75, lebo ipate dola 0.003 kwa kila moja, jumla 225,000. Msanii mwenye asilimia 15 anaandikiwa 33,750. Kama advansi (pesa ya awali inayokatwa kwenye mgao wake) na video viligharimu 60,000, bado anadaiwa 26,250. Ana ngao ukutani na deni kwenye vitabu.

Aliyeshirikishwa aangalie kitu kimoja: alilipwa mara moja au ana asilimia? Kama ni mara moja, platinamu kumi hazibadilishi kitu upande wa rekodi. Kinachobaki ni utunzi. Kama mashairi ya kipande chake aliandika mwenyewe, karatasi ya mgawanyo (nani ana asilimia ngapi ya utunzi) isainiwe na sehemu yake isajiliwe The MLC, inayokusanya mirabaha ya utunzi kutoka strimu za Marekani tangu 2021. Kwa kawaida fungu hilo haliliwi na deni la rekodi.

kinanda_tz
Shukrani wakuu. Na albamu? Mwenye wimbo anasema na albamu "inakaribia".

MzeeWaMixer
Albamu: strimu 1,500 au nyimbo 10 zilizopakuliwa ni yuniti 1. Strimu za wimbo zinahesabiwa kwenye wimbo na kwenye albamu pia, ndiyo maana wimbo mmoja mkali unaweza kuibeba albamu ambayo nyingine hazisikilizwi. Tena tuzo ya RIAA usiichanganye na chati. Julai 2013 Samsung ilinunua nakala milioni 1 za albamu ya Jay-Z ikawagawia wateja wake. RIAA ikabadili kanuni yake ya kusubiri siku 30 tangu albamu itoke na kuipa platinamu, lakini Billboard, wenye chati za Marekani, wakakataa kuzihesabu nakala hizo.

Wakili_wa_Studio
Mkataba ujao, kile kifungu cha asilimia kupanda kwenye "mauzo 500,000" msikiache hivyo. Lebo itasema mauzo ni nakala zilizonunuliwa, strimu hazimo. Andikeni "pamoja na yuniti za strimu kwa kanuni za RIAA". Na ngao ya aliyeshirikishwa iandikwe kuwa ni gharama ya lebo, vinginevyo atajinunulia kwa watengenezaji wenye leseni ya RIAA.