Msamiati wa Kiingereza cha kazi: tuisheni, simu au kamusi?

Kijana wa Wete
Assalam alaykum. Nimemaliza kidato cha nne, nataka kuvuka Unguja kutafuta kazi ya hoteli, Nungwi au Paje. Kiingereza cha skuli ninacho, lakini mazungumzo yakifika kwenye mshahara, zamu na likizo nakwama. Kuna tuisheni ya jioni Chake Chake, kuna BBC Learning English kwenye simu, na kaka ana kamusi ya TUKI, ile ya Kiingereza na Kiswahili. Pesa sina ya kufuata yote. Nishike lipi?

Risepsheni Paje
Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Shika simu. Kamusi ni ya kuulizia tu, maana itakupa neno bila kukuonesha linavyotumika. Sisi tunasema "naomba kazi", basi. Wao husema "apply for a job". Ukiwa zamu ni "on duty", ukiwa likizo ni "on leave", siku ya kupumzika ni "day off". Andika kifungu kizima daftarini, usiandike neno peke yake.
BBC wana mfululizo wa English at Work, kisa cha Anna anayeanzia kwenye usaili mpaka anazoea ofisi. Ni bure, bando lako tu.

Mama Karafuu
Mimi nasomesha, na hapo siafiki. Simu haikusahihishi. Nimeona vijana wanaelewa kila wanachosikia, lakini waulize "What were your duties?" wanainamisha vichwa. Kinywa lazima kizoeshwe na mtu.
Ila si kila tuisheni. Ikiwa mwalimu anajaza ubao maneno nanyi mnanakili, bora ubaki na kamusi ya kaka yako. Omba kukaa kipindi kimoja kabla hujalipa, utazame wanafunzi wanazungumza au wanaandika tu.

Hausikipingi Nungwi
Mbona hakuna aliyetaja karatasi za kazi zenyewe? Mie msamiati niliupata kwenye rosta, yaani ratiba ya zamu, na hati ya mshahara: "basic salary", "overtime", "deductions", na kwenye makato pana mchango wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Tafuta jamaa aliye hotelini akuoneshe mkataba wake. Khasa shika "probation", muda wa majaribio, na "notice", taarifa ya kabla ya kuacha au kuachishwa kazi. Nilipoanzia mimi, wenzangu wengi walisaini bila kuyajua hayo mawili. Walipoambiwa majaribio yamekwisha na hawaendelei, hawakuwa na la kuuliza. Iliniuma sana.

Afisa Utumishi
Dada kasema kweli. Kwa hapa Zanzibar ipo Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, na mwanzoni imefafanua maneno yake. Kiingereza chake kizito, usianze nacho, lakini ukishapata kazi kitafute. Na usichanganye: "salary" kwa kawaida ni mshahara wa mwezi, "wages" ni ujira wa saa, siku au wiki.

Kijana wa Wete
Ahsanteni sana. Nitaanza na simu, na binamu yangu yupo hoteli moja Kiwengwa, nitamwomba mkataba. La kuzungumza ndilo limebaki.

Mama Karafuu
Mtafute mwenzako mmoja hapo Wete anayetaka kazi kama wewe. Leo awe meneja, kesho uwe wewe, na anayeuliza ashike daftari asahihishe. Mkikwama, andikeni swali hapa, nitawajibu.