Mrejesho: Kihispania kwa nyimbo za salsa za kuachwa

Wadau, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kama mtu anaweza kuokota msamiati wa Kihispania kwenye zile salsa za kuumizwa na mapenzi, jibu ni ndiyo, tena vizuri sana. Hizi salsa romántica zilizoshika kasi miaka ya 1980 huko Puerto Rico na New York, za waimbaji akina Eddie Santiago, maneno yake ni yaleyale yanazunguka, olvidar kusahau, volver kurudi, llorar kulia, herida kidonda, ukishalishika kundi hilo wimbo mpya unaambulia mengi tu bila kamusi. Aliyenishauri nianzie mwisho wa wimbo, ubarikiwe sana!! Pale kwenye montuno, yaani sehemu ya mwisho ya wimbo, kiitikio kinarudi tena na tena huku mwimbaji anachomekea mistari yake, basi kile kiitikio kinaganda kichwani chenyewe. Kilichonifurahisha zaidi ni sarufi, maana mtu aliyeachwa anaongea nyakati zote, te amaba nilikuwa nakupenda, te perdí nilikupoteza, te olvidaré nitakusahau, yaani unaona kabisa kitenzi kinavyobadilika mwishoni.

Angalizo kwa wanaotaka kujaribu, waimbaji wengi wa Puerto Rico wanaimeza s ya mwisho, na r nayo mara nyingi inaelekea l, amor unaweza kuisikia kama amol, kwa hiyo soma kwanza mashairi yaliyoandikwa ndo usikilize. Mimi sasa hivi nimehamia bolero, nyimbo za mapenzi za Kihispania, ziko taratibu zaidi, mwenye pleilisti anirushie jamani.