Tupeane uzoefu: kutoa injekta zilizong'ang'ania kwenye trakta za zamani

Wandugu wa Lubumbashi na wa mashamba ya kandokando, naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja ameyafanya kwa mikono yake. Trakta ya familia yetu ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, yenye injini ya Perkins ya silinda 3 na ujazo wa karibu lita 2.5. Injekta mbili (vinyunyizio vya mazuti, yaani dizeli, ndani ya silinda) zimetoka bila shida, lakini ya tatu haitikisiki, na mvua za Novemba zikianza shamba la mahindi halitatusubiri. Ningependa kuwasikia hasa waliofaulu bila kuvua kulasi, yaani kifuniko cha juu cha silinda.

Kutoka barabara ya Likasi:
Ndugu, kwanza tuelewe kinachoishikilia. Rondela (pete bapa) ya shaba iliyo chini ya injekta ikiacha kuziba vizuri, moshi wa silinda hupanda pembeni mwa ncha na kuacha masizi, ambayo kwa joto la injini hugeuka kuwa magumu sana. Na huku juu, maji na vumbi huingia kati ya mwili wa injekta na tundu lake, kutu ikaota. Kwa hiyo juu ni kutu na chini ni masizi, na dawa ya kulegeza kutu haifiki chini mpaka mwili wa injekta uanze kucheza. Hii ndiyo sababu wengi huloweka usiku kucha na asubuhi hawaoni tofauti yoyote. Mimi husafisha kwanza pale pote, nafungua mabomba ya mazuti na kuziba midomo yake kwa kitambaa safi, kisha natoa zile stadi mbili (bolti zisizo na kichwa) zinazoshika injekta kwa kufunga nati mbili zikibanana juu ya kila stadi na kuzungusha ile ya chini. Stadi zikibaki, masikio ya injekta (yale mabawa yenye matundu ya stadi) hugonga hapo na huwezi kuizungusha hata kidogo. Baada ya hapo namwaga dawa, nashika mwili kwa spana na kuutikisa huku na huku, kidogo tu, narudia dawa, natikisa tena. Upande wa kufungua usiulazimishe, kwa sababu mwili unaweza kufunguka kutoka kwenye kofia yake ya chini na kuiacha ncha ndani ya kulasi. Ikishazunguka yenyewe kwa ulaini, ndipo unavuta. Kabla ya hapo, kuvuta ni kupoteza nguvu.

Kutoka Katuba:
Naongeza neno moja: musitie mtarimbo chini ya masikio ya injekta. Trakta ya baba mdogo ilitengenezwa hivyo katika garaji moja, sikio likavunjika, na kulasi nzima ikalazimika kushushwa.

Kutoka Kampemba:
Sisi tuliutumia mgandamizo wa injini yenyewe, yaani hewa inayobanwa ndani ya silinda, uisukume injekta nje. Stadi ziliachwa mahali pake, nati zikalegezwa mizunguko michache bila kuondolewa, kizimio cha pompa kikavutwa ili mazuti yasipite, kisha tukaizungusha injini kwa startere. Injekta iliruka juu kidogo, nati zikaizuia. Hata hivyo siwashauri wanaofanya kazi peke yao, na uso usiwe juu ya injini wakati huo.

Kutoka Ruashi:
Yaya (mkubwa wetu) wa barabara ya Likasi amesema kweli, ila njia ya Kampemba naiogopa, maana kwenye injini chakavu stadi nazo zimekwisha kuliwa na kutu. Mimi natumia nyundo ya kuvuta, ile yenye uzito unaoteleza kwenye fimbo, inayofungwa kwenye nyuzi za skrubu za juu ya injekta ili mvuto ufuate mstari wake ulionyooka. Mapigo mepesi mengi hushinda pigo moja la hasira. Injekta ikitoka, angalia tundu kwa tochi, kwa kuwa mara nyingi rondela ya zamani hubaki chini, imefanana rangi na masizi. Ukiweka mpya juu yake, ncha itakaa juu kuliko inavyotakiwa na mazuti hayatanyunyizwa mahali pake. Masizi yakwanguliwe kwa brashi iliyopakwa grisi ili yashikwe nayo, halafu zungusha injini kwa startere, injekta zote zikiwa nje na kizimio kikiwa kimevutwa, ili upepo utoe yaliyobaki.

Mwenye trakta:
Asanteni sana, nitaanza na stadi. Je, rondela za zamani zinaweza kurudi, ikiwa mpya hazipatikani mjini?

Kutoka Ruashi:
Mpya ni bora. Ukikosa, ya zamani ipashe moto mpaka iwe nyekundu, uitumbukize katika maji, uisugue magamba. Shaba iliyobanwa muda mrefu huwa ngumu, na moto huirudishia ulaini wake. Wakati wa kufunga, kaza nati mbili kwa zamu, kidogo kidogo, injekta isikae kiupande. Injini ikishawaka, usitafute mvujo kwa kidole, kwani mazuti ya injekta hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Tumia kipande cha karatasi ngumu.