Kijani, njano na nyekundu ya Ethiopia: rangi za Kanisa au za nchi?

Ndugu zangu, salaam. Juzi kwenye kahawa jamaa mmoja alisema bendera ya Ethiopia ni "bendera ya Wakristo". Mwenzake akamkatalia: kitambaa hakina dini. Sikuridhika na yeyote kati yao, ndiyo maana nauleta mjadala hapa.

Yule wa kwanza hakuokota maneno barabarani. Waumini wengi wa Kanisa la Orthodoksi la Tewahedo huziona rangi zile kuwa upinde wa mvua, agano la Mungu na Nuhu katika Mwanzo 9. Wengine husema ni Utatu Mtakatifu. Wengine imani, tumaini na upendo. Sikukuu ya Timkat ikifika mwezi Januari, makasisi hujitwika tabot, kibao kitakatifu, kikiwa kimefunikwa kwa vitambaa vya darizi, miavuli ya nakshi juu yao. Pembeni ya njia hutundikwa tepe za kijani, njano na nyekundu. Nyingi hazina nyota iliyo katikati ya bendera ya sasa, na ugomvi wenyewe uko hapo.

Nyota ile ndani ya duara la buluu iliwekwa 1996. Katiba ya 1995, ibara ya 3, inataka nembo ya katikati ionyeshe tumaini la mataifa na jumuiya za dini za nchi hiyo kuishi pamoja kwa usawa na umoja. Sheria ya 2009 ikakataza kutumia bendera bila nembo. Waumini wamewahi kunyang'anywa vitambaa vyao na askari wakiwa kwenye ibada.

Mimi nasema hivi: msalaba ulikuwa kwa simba, si kwenye rangi. Enzi za Haile Selassie, katikati ya bendera alikaa Simba wa Yuda (soma Ufunuo 5:5), ana taji, ameshika fimbo yenye msalaba. Baada ya mapinduzi ya 1974, Dergi, yaani utawala wa kijeshi uliompindua, walimvua simba taji, msalaba ukageuzwa kuwa ncha ya mkuki, kisha simba mwenyewe akaondolewa. Rangi tatu zikabaki. Watawala wa Kimarx, waliolinyang'anya Kanisa ardhi yake, hawakuziona kuwa mali ya Kanisa. Ghana nayo ilizichukua 1957, ikazipa maana zake: damu ya wapigania uhuru, dhahabu, misitu.

Tena Waislamu walipigana Adwa mwaka 1896, vita ambavyo Ethiopia iliwashinda Waitaliano, na sensa ya 2007 iliwahesabu kuwa theluthi moja ya wananchi. Ukiwaambia leo kwamba rangi zile ni za madhabahu, unawafanya wageni kwao.

Lakini kumnyang'anya bibi kizee utepe mbele ya kanisa ni uonevu, sitauita jina jingine. Aachiwe upinde wake wa mvua. Serikali isiiandike tafsiri yake kwenye sheria, wala isimwadhibu kwa kuiamini.

Kuna jambo linanikwaza hata mimi. Kwa wengi wa Waoromo, kabila kubwa kuliko yote nchini humo, bendera isiyo na nyota inakumbusha dola la mfalme Menelik lililowateka na kuwapora ardhi. Hilo ni jeraha la utawala, na tukiling'ang'aniza kwenye dini tutakuwa tumewakosea.

Waislamu na Waoromo mliomo humu, na mliokaa Ethiopia: mkiiona bendera ile isiyo na nyota imetundikwa mtaani, mnaona nini? Nyota ikiondolewa kesho, mtajiona bado mmo?